Misukule ya Kompyuta na Hesabu ya Maambukizi

Msukule, kama asimuliwavyo Tanzania, ni mtu adhaniwaye amekufa, kumbe yu hai na anatumikishwa. Zombi wa michezo ya kompyuta hufanana naye, ila kwa kawaida huyu halogwi, bali huambukizwa. Ndiyo maana michezo hiyo yaweza kumfaa mwanafunzi wa biolojia, mradi aipime kwa ukweli.

Mageuzi ya mchezo

Mwaka 2011 kampuni ya Techland ya Poland ilitoa Dead Island. Huu ni mchezo wa dunia wazi, yaani mchezaji huenda apendako bila kulazimishwa kufuata njia moja. Mashujaa wake wanne, walio katika kisiwa cha kubuni cha Banoi, wana kinga ya ugonjwa.

Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitoa Dying Light. Hapa shujaa hana kinga: huambukizwa mapema, naye huhitaji dawa ya kutuliza dalili. Mji wa Harran umewekwa karantini, na usiku huwa wa hatari kuliko mchana. Katika Dying Light 2 Stay Human, ya mwaka 2022, ugonjwa umekwisha kuenea duniani, na watu huishi wakiwa na maambukizi miilini, wakiyazuia kwa mwanga wa urujuanimno. Basi mchezo umesogea kutoka kinga kamili, hadi tiba, hadi kuishi na ugonjwa.

Ukweli wa Kagera

Tarehe 21 Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wa homa ya Marburg wilayani Bukoba, mkoani Kagera. Walihesabiwa wagonjwa 9, wakiwamo wahudumu wa afya, 6 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023. Mwaka 2025 ugonjwa ulizuka tena mkoani humo, wilayani Biharamulo, ukaua watu 10.

Virusi vya Marburg hupita kati ya watu kwa kugusa damu na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Hapo ndipo mchezo unapopotosha. Katika mchezo, mgonjwa humkimbiza mzima ili amng'ate. Katika Marburg, mzima ndiye amwendeaye mgonjwa: kumlisha, kumfua nguo, kumwosha kwa mazishi. Maambukizi hufuata njia ya huruma. Kwa hiyo dawa yake si silaha, bali ni glavu, maziko salama, na kuwafuatilia kwa siku 21 wote waliomgusa mgonjwa.

Zoezi

Shule ya Kamuli, wilayani Kyerwa, yaweza kufanya jaribio hili bila kompyuta, kwa punje za maharage. Punje moja iwe mgonjwa wa kwanza, na kila mgonjwa aambukize watu 2. Baada ya mizunguko 10 jumla ya wagonjwa ni 2,047. Kisha wanafunzi waanze na wagonjwa 16, ila kila wagonjwa 2 waambukize mtu 1 tu. Wapya watakuwa 8, 4, 2, 1, na mnyororo utakatika.

Maswali

1. Ni tendo gani la kijijini lipunguzalo maambukizi kutoka 2 hadi nusu?
2. Mgonjwa akiogopwa kama zombi, atajitokeza au atajificha? Hesabu ya punje itabadilikaje?