Ghala Kuukuu Kuwa Mkahawa: Anzia Paani

Mwaka 2003, ghala lililotumika kama gereji katika Eneo la Viwanda, Nairobi, lilifunguliwa kuwa kituo cha sanaa cha GoDown. Mkazi wa Makadara au Kaloleni anayetaka kugeuza jengo la aina hiyo kuwa mkahawa aanze kwa kutazama juu.

Majengo mengi ya zamani yaliezekwa kwa asbesto. Ikikatwa au kutobolewa hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, na anayezivuta anaweza kupata saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Fundi wa mtaani asipewe kazi hii, hata akiahidi kuimaliza kwa siku moja. Huifanya kampuni yenye leseni ya NEMA.

Ombi la kubadilisha matumizi ya jengo hupelekwa kwa kaunti, kwa mujibu wa sheria ya mipango ya mwaka 2019. Leseni ya biashara haichukui nafasi ya kibali hicho. Wengi hugundua hivyo jiko likiwa limeshajengwa. Wapishi nao hupimwa afya kila miezi sita.

Lango pana la malori lisizibwe. Mpita njia aone benchi, birika na mandazi kabla hajauliza bei.