JE, MWEMA NI YULE APIGAYE HESABU?

Muhula uliopita mwalimu wetu alituuliza: mtu asiyeiba kwa sababu anaogopa kushikwa, je, huyo ni mwaminifu? Darasa liligawanyika pande mbili, kelele tupu. Mimi nilisema ndiyo, mradi hajaiba. Lakini siku hizi sina uhakika.

Swali lenyewe ni kuukuu. Yapata miaka 2,400 iliyopita, mwanafalsafa Mgiriki Plato aliandika kitabu kiitwacho Jamhuri. Humo kijana Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia, nchi iliyokuwa katika Uturuki ya leo. Tetemeko lilipasua ardhi, mchungaji akashuka shimoni, akakuta maiti yenye pete ya dhahabu, akaivua. Kumbe akigeuza kito kuelekea kiganjani, haonekani! Basi alifanya nini? Alikwenda kwa mfalme wake, akamwua, akatwaa ufalme. Glaucon anasema kwamba hata mtu mwema akipewa pete kama hiyo ataishia hapo hapo.

Mwingereza Thomas Hobbes naye, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, alitetea ahadi kwa hesabu ya faida. Anayevunja maagano huenda akapata leo, lakini wenzake wakimjua hawatamkubali tena, na peke yake hawezi kuishi salama. Kwa hivyo hata mbinafsi, akiwa na akili, atatimiza ahadi.

Niliposikia hayo nilisema, hiyo si chama ya mama! Walikuwa akina mama kumi wa ploti yetu, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa wiki, na kila wiki mmoja anabeba 5,000. Mama alipata zamu ya pili, akanilipia pesa za chakula cha mchana hapa shuleni. Fikiria basi: alikuwa ametoa 1,000 tu, akapokea 5,000. Kilichomfanya aendelee kutoa ni nini? Hobbes angejibu kwamba kuna mzunguko mwingine unakuja na majirani wanamwona.

Sawa. Lakini kabla mzunguko haujaisha, mwenye ploti alitangaza kwamba nyumba zitabomolewa. Kila mtu atahamia kwake, na mzunguko mwingine hakuna. Baada ya wiki ya saba wawili waliokwisha kupokea walihama usiku, wasionekane tena. Ni kama walipata ile pete! Hesabu ya Hobbes haikuwa na la kuwaambia, maana kesho yao na sisi ilikuwa imekwisha.

Wa mwisho kupokea alikuwa nyanya mmoja anayeuza sukuma wiki. Nilimwuliza mama, "Si na wewe ungeacha tu? Nani atakufuata huko tunakoenda?" Wakati huo hata sisi tulikuwa tunatafuta pesa ya kodi.

Mama aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Na nyanya je?" akasema, kisha akaendelea kufunga vyombo.

Rafiki yangu anashikilia ati mama aliogopa kusengenywa, kwamba hiyo pia ni faida yake. Labda. Ila yeye hakuwepo. Wiki ya kumi nyanya alipata 4,000, na kwetu tulikunywa chai ya rangi mpaka Ijumaa.