Kunyosha Gurudumu la Baiskeli Nyumbani

Mkulima mwenye baiskeli hupeleka pamba, ndizi au maziwa yake sokoni kwa nguvu za magurudumu mawili. Gurudumu likipinda, ringi husugua mipira ya breki, na mwendo huwa mzito. Likiachwa vivyo hivyo, spoki hukatika njiani, na maziwa huchacha kabla ya kufika. Mtu mwenye subira aweza kulinyosha mwenyewe.

JINSI GURUDUMU LINAVYOSIMAMA

Spoki ni waya mwembamba; haibebi mzigo kama nguzo ya nyumba, bali nguvu yake ni katika kuvutwa, kama kamba za hema. Nusu ya spoki hutoka upande wa kulia wa habu na nusu upande wa kushoto, na ringi hukaa katikati kwa kuwa pande zote mbili zavuta. Spoki iliyolegea haipumziki: hupindika kidogo katika kila mzunguko, mpaka ikatike, mara nyingi kwenye kiwiko chake karibu na habu.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Spana ya spoki, kipande cha chaki, mafuta kidogo na tupa.

KAZI YENYEWE

1. Pindua baiskeli isimame juu ya kiti na usukani, kisha toa upepo. Tikisa ringi kwa ubavu. Ikiwa habu inacheza, rekebisha koni zake kwanza.

2. Tia tone la mafuta kwenye kila nati ya spoki penye ringi, ungoje yaingie. Nati yenye kutu huisokota spoki na kuikata.

3. Gusa spoki moja moja kwa kidole, kama mpiga zeze agusavyo uzi. Za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Yenye sauti nzito imelegea. Katika gurudumu la nyuma spoki za upande wa mnyororo kwa kawaida hukazwa zaidi, kwa hiyo usizilinganishe na za upande wa pili.

4. Egemeza mkono kwenye uma, usogeze chaki karibu na ringi upande wa kulia, na kuzungusha gurudumu polepole. Chaki itaacha alama pale ringi ilipoegemea kulia. Hapo, legeza spoki zitokazo kulia mwa habu robo mzunguko, na kukaza zitokazo kushoto kadiri ile ile. Futa alama, ujaribu tena. Ringi ikiegemea kushoto, fanya kinyume chake.

5. Ukiangalia kutoka upande wa tairi kuelekea habu, nati hukaza ikizungushwa kama mishale ya saa.

6. Tazama pia kama ringi inapanda na kushuka. Mahali ilipo mbali na habu, kaza spoki mbili zinazofuatana, moja ya kila upande. Ilipo karibu mno, zilegeze.

7. Mwisho, kamata spoki mbili mbili kwa mkono na kuzibana kwa nguvu kuzunguka gurudumu lote, kisha lipime tena kwa chaki.

SPOKI ILIYOKATIKA

Peleka ile ya zamani dukani iwe kipimo, upate yenye urefu na unene ule ule. Ipitishe juu na chini ya wenzake kama ilivyopita ya kwanza. Ncha ikitokeza ndani ya ringi, isage kwa tupa, na kufunika nati zote kwa utepe wa kitambaa, usije mpira wa ndani ukatobolewa. Ikiwa imekatika upande wa mnyororo, huenda gia ya nyuma ikabidi kufunguliwa. Kazi hiyo mpe fundi.

MAONYO

Usikaze robo tatu ya mzunguko kwa mara moja kwa kutaka haraka. Kosa la mahali pamoja huhamia pengine. Ringi iliyopasuka haiponi kwa spoki: inunuliwe nyingine. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, pima gurudumu tena, kisha kila mwezi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.