Mama mkwe kanyamaza, na mtoto pia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mhaya wa Bukoba, nimeolewa na Msukuma wa Magu, tunaishi Nyakato hapa Mwanza. Mimi na mume wangu tunaongea Kiswahili. Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba na alfajiri nishatoka, kwa hiyo mama mkwe alikuja kutusaidia kumlea mwanetu wa kiume aliyetimiza miaka mitatu. Kiswahili cha mama ni cha kuombea maji tu, kwa hiyo kutwa anamsemesha mtoto Kisukuma.

Januari tulimpeleka shule ya awali inayofundisha kwa Kiingereza. Mwalimu akalalamika kwamba mtoto amechelewa kuongea na anachanganya lugha. Ni kweli, akisikia kiu anasema "taka minzi". Mwalimu akasema bibi ndiye anayemharibu, tukomeshe kilugha nyumbani. Nami naogopa asije akakua na lafudhi ya kijijini, akachekwa kwa kubadilisha r na l kama anavyochekwa baba yake. Nikamwomba mama aache kumsemesha Kisukuma, mtoto nikamwekea katuni za Kiingereza. Tangu hapo mama hasemi. Anampikia, anamwogesha, basi. Na mtoto ndiyo kwanza amezidi kunyamaza. Mume wangu amekasirika. Nifanye nini?

Mama Mwenye Mashaka, Nyakato

Marahaba, binti yangu.

Nianze na aliyekosewa, maana barua yako imempitia haraka. Mwanamke ameacha mji wake Magu, mashamba yake na majirani zake, akaja kulea mjukuu. Halafu anaambiwa kwamba lugha pekee anayoimudu inamdhuru mtoto. Ulitaka aseme nini baada ya hapo? Amekutii, tena kwa heshima kuliko wengi ambao wangefunga mizigo siku ileile.

Sasa mtazame mtoto. Wewe uko Mwaloni tangu alfajiri, baba yake yuko kazini. Aliyekuwa akimtajia vitu, akimkemea, akimsimulia na kumjibu kila anapouliza alikuwa bibi. Ulidhani umemwondolea Kisukuma, kumbe umemwondolea mtu wa kuzungumza naye. Kiingereza hakijaingia mahali pake, na hakiwezi kuingia kwa njia uliyoichagua.

Nasema hivyo kwa sababu ya zile katuni. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto wa miezi tisa wa nyumba zinazoongea Kiingereza. Baadhi waliletewa mtu aliyecheza nao na kuwasomea vitabu kwa Kichina, wengine wakaonyeshwa kazi ileile kwenye televisheni. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni hawakuambulia kitu. Wako ni mkubwa kuliko hao, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kuokota neno hili na lile kwenye skrini. Lakini katuni haimngoji amalize sentensi, wala haijui kwamba amekosea.

Kuhusu "taka minzi" mwalimu amekutisha bure. Kuna mambo mawili ndani yake. La kwanza ni hilo "taka" badala ya "nataka". Mtaalamu wa isimu Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wadogo wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, akakuta nao huangusha viambishi hivyo vya mwanzo wa kitenzi kabla hawajakomaa. Hakuna bibi wa Kisukuma wa kulaumiwa kwa watoto wa Nairobi. La pili ni "minzi". Mtoto mwenye lugha mbili hutumia neno lililo karibu na ulimi, na maji yake mengi ameyapokea mkononi mwa bibi. Msikilize anapomwomba maji jirani asiyejua Kisukuma. Watoto wa umri huo huanza kupima nani asemeshwe nini mapema kuliko tunavyodhani.

Ukihesabu maneno yake ya Kiswahili peke yake utayaona machache, na ya Kiingereza hayajai kiganja. Hesabu ya haki ni ya lugha zote pamoja. Hapo ndipo watoto wa lugha mbili huwa sawa na wenzao, na hiyo hesabu mwalimu hakuifanya kwa sababu Kisukuma hakukihesabu kuwa lugha.

Nije kwenye lafudhi, ambayo nadhani ndiyo iliyokuuma hasa. Kule Uingereza, Paul Kerswill na Ann Williams waliwafuatilia watoto wa Milton Keynes, mji mpya uliojaa wahamiaji kutoka kila upande. Watoto wa miaka minne bado walikuwa na matamshi yanayofanana na ya walezi wao. Wa miaka minane na 12 walikuwa wameshaelekea kwa watoto wenzao. Wako atatamka Kiswahili kama wanavyokitamka watoto anaocheza nao mpira hapo Nyakato, hata bibi amsemeshe Kisukuma hadi usiku wa manane. Mumeo alikulia Magu, wenzake wote walikuwa wakisema hivyo. Mwanao anakulia mjini. Na wanaomcheka mumeo kwa r na l, mbona hawamcheki Mzungu anayeivuruga lugha yetu nzima? Huyo tunampigia makofi. Hilo si suala la ulimi, binti yangu, ni suala la nani tumezoea kumdharau.

Na kwamba lugha ya nyumbani haimzuii mtu kukimudu Kiswahili, Ziwa Victoria letu hili lina ushahidi wa kutosha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilipokosa mchapishaji akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mwalimu Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa kijana wa Kizanaki; baadaye akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Na tangu 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya shule zote za msingi za serikali, watoto wa Usukumani wasiohesabika wameingia darasa la kwanza na Kisukuma kitupu wakatoka na Kiswahili safi. Sisemi kila mtoto wa bibi atakuwa mwandishi. Nasema lugha ya nyumbani haikuwazuia.

Swali langu dogo, unisamehe: Kihaya chako kiko wapi? Barua nzima hukukitaja ila kabila. Kama ulikiacha bandarini Bukoba ili usichekwe, basi naelewa kwa nini ulikuwa mwepesi kumnyamazisha mwenzako.

Mama mkwe usimwendee na hoja za Seattle. Mwendee jioni, mumeo akiwepo, upige magoti kama mkwe, umwambie "mayu, nilikosea, naomba umsemeshe mjukuu wako". Kisha mwombe akufundishe na wewe, angalau kumwamkia "mwangaluka" asubuhi kabla hujatoka. Wewe mwongeleshe mtoto Kiswahili au Kihaya, lugha unayoweza kutania nayo, kugombeza nayo na kubembeleza nayo. Kiingereza waachie shule, ndicho unachokilipia ada. Mwalimu mjibu kwa upole kwamba nyumbani mtoto ataongea na watu wa nyumbani.

Jambo moja usilipuuze. Kunyamaza kwake kunaweza kuwa kwa sababu hizi nilizozitaja, lakini mtoto wa miaka mitatu anayezidi kuwa kimya apimwe masikio. Mafua yasiyoisha na maji yanayokaa nyuma ya ngoma ya sikio hupunguza usikivu bila mzazi kujua. Nenda kituo chako cha afya wakupe rufaa ya hospitali ya Bugando. Na siku hiyo usiende peke yako, nenda na bibi. Daktari atauliza mtoto anajua maneno mangapi, na ya Kisukuma anayejua kuyataja ni yeye.

Shangazi