Kuchagua Kalamu ya Wino Inayokufaa

Mnunuzi wa kalamu ya wino husikia mengi dukani: nibu ya dhahabu, toleo maalumu, kalamu ya wakubwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika somo hili tunaeleza mambo ya kupima kabla ya kulipa, kwa kuwa kalamu isiyoafiki mkono huishia kulala sandukuni, hata ikiwa ya bei kubwa.

Upana wa mstari. Herufi zilizo juu ya nibu huonyesha upana wake: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya wastani na B pana. Vipimo hivi havilingani kwa watengenezaji wote. Kwa kawaida nibu za Japani huandika mstari mwembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ileile. Mwenye mwandiko mdogo na aepuke nibu pana, kwani wino hujaza matundu ya herufi kama a na e.

Dhahabu. Kinachogusa karatasi si dhahabu, bali ni chembe ya metali ngumu iliyounganishwa kwenye ncha. Chembe hiyo huwekwa pia kwenye nibu nyingi za chuma cha pua. Baadhi ya nibu za dhahabu hunepa kidogo zikikandamizwa. Asiyependa mnepo huo asiulipie.

Uzito na umbo. Kalamu aina ya Lamy Safari, kwa mfano, ina mwili mwepesi wa plastiki na sehemu ya kushikia yenye bapa za kuongoza vidole. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo, na wapo wanaoikataa kwa sababu hiyohiyo. Wote wana haki, kwa kuwa vidole havifanani.

Wino. Kalamu nyingine hupokea katriji za kampuni iliyozitengeneza pekee. Mnunuzi aulize kama zinapatikana karibu naye, au kama kalamu inaweza kujazwa wino wa chupa. Wino mweusi wa wachoraji usiotengenezwa kwa kalamu hizi usitumike, maana ukikauka huziba njia.

Kabla ya kulipa, tunashauri yafuatayo:

1. Nenda na daftari unalolitumia kila siku. Karatasi laini ya dukani huficha kasoro.
2. Omba kuchovya nibu, kisha andika aya nzima. Saini moja haitoshi kuonyesha kama vidole vitachoka.
3. Anayeandika kwa mkono wa kushoto aupitishe mkono juu ya mstari alioandika, aone kama wino unapakaa.
4. Ikiwa majaribio hayaruhusiwi, omba masharti ya kurudisha bidhaa kwa maandishi.
5. Dai risiti yenye jina la kalamu na aina ya nibu.

Muuzaji anaijua bidhaa yake, lakini mkono wako anaujua nani zaidi yako? Ukisita baada ya kujaribu, usione haya kuirudisha kalamu mezani na kuondoka na fedha zako.