Somo la Mwarobaini Nililokosea Kufundisha

Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilipangiwa Biolojia, Kidato cha Pili. Siku moja tukiwa kwenye mada ya malaria, binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, eti mwarobaini unatibu malaria?" Nikajibu bila kusita, "Ndiyo, ndiyo maana ukaitwa mwarobaini, unatibu magonjwa arobaini." Darasa likacheka, kengele ikalia, nikatoka nikijiona mwalimu kwelikweli.

Miezi miwili baadaye, wiki ya testi, homa ikanishika mimi. Bum lilikuwa limekata. Nikachuma majani ya mwarobaini nyuma ya hosteli, nikachemsha, nikanywa siku tatu. Siku ya nne wenzangu wa chumbani walinikokota hadi zahanati. Tone moja la damu, na ndani ya dakika 20 jibu likatoka: malaria. Nikapewa dawa mseto.

Nilipopata nafuu nilikwenda Kariakoo kumsalimia mama mkubwa, anayeuza viungo karibu na Mtaa wa Kongo. Nilitegemea atautetea mti wetu. Akaniuliza tu: "Ulikunywa kiasi gani? Nani alikupimia? Mimi nauza viungo vya pilau, mwanangu. Dawa ni habari nyingine." Sikuwa na jibu. Basi hili hapa ndilo somo nililotakiwa kufundisha siku ile.

Tuanze na jikoni. Pale mezani kwa mama mkubwa kuna mdalasini, hiliki, karafuu, binzari, tangawizi kavu na mafungu ya mchaichai. Kwenye chakula tunatumia kidogo kidogo, na mkono ukizidi ni pilau ndiyo inaharibika. Baadhi ya viungo hivi hutuliza kweli. Tangawizi husaidia kichefuchefu. Karafuu ina yujenoli, kemikali inayotia ganzi kwenye jino linalouma, na madaktari wa meno wanaitumia hadi leo. Lakini kutuliza dalili ni jambo moja na kuua kimelea ni jambo jingine. Hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Twende kwenye mwarobaini. Asili yake ni Asia ya Kusini, na hilo jina ni sifa tu, hakuna aliyekaa akahesabu magonjwa. Kweli, maabara zimeonyesha kwamba dondoo zake zinaweza kuzuia vimelea vya malaria kwenye vyombo vya kioo. Ila chombo cha kioo hakina tumbo wala ini, na hakikuambii mtu anywe vikombe vingapi apone. Tena "ya asili" haina maana ya "salama": kuna watoto wachanga waliodhurika vibaya baada ya kunyweshwa mafuta ya mbegu za mti huohuo.

Sasa tuitazame pakanga, maana yenyewe ilivuka daraja. Maandishi ya tiba ya China ya karne ya 4 yalisema mmea wa jamii hiyo uloweshwe kwenye maji na kukamuliwa. Mwanasayansi Tu Youyou alipoyasoma akashtuka: huenda kuchemsha ndiko kulikokuwa kunaharibu dawa! Mwaka 1971 akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 35 hivi tu, na dawa ikafanya kazi. Ndiyo artemisinini, iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tanzania ilianza kutumia dawa mseto yenye asili hiyo mwaka 2006. Inaitwa mseto kwa sababu inachanganywa na dawa ya pili, ili kimelea kisizoee moja na kuwa sugu. Sisi huku tunachemsha sufuria nzima, halafu tunakadiria kwa kikombe.

Kwa hiyo simwambii mtu adharau mitishamba. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili tangu 1974, na sheria ya mwaka 2002 iliweka baraza la kusajili waganga na dawa zao. Kazi yao ni kujibu maswali yaleyale ya mama mkubwa: ni mmea gani hasa, sehemu gani, kiasi gani, kwa mgonjwa yupi? Mpaka yajibiwe, mchaichai unywe kwa raha zako, ila homa ikikupata kapime damu kwanza.

Mwalimu mtarajiwa mwenzangu, ukiulizwa swali lile, usikimbilie kuchekesha darasa. Mtoto anakwenda nalo nyumbani jibu lako, na nyumbani kuna mdogo wake mwenye homa. Mimi nimempigia simu mwalimu aliyenisimamia. Amenipa kipindi kimoja kabla shule haijafungwa. Nitaanza na dawati la nyuma.