Rovu, roboti na sauti ya kwaya

SWALI: Dokta, nina miaka 43, nauza dagaa wa chisense hapa Kashikishi na ninaimba kwaya kanisani. Nina rovu tangu nilipokuwa Pweto, na mwaka huu naona linakua. Mdogo wangu wa Lusaka anasema India kuna hospitali zinazoliondoa kwa roboti bila kovu shingoni. Ndugu wako tayari kuchanga. Niende?
Mama wa Nchelenge

JIBU: Mama, washukuru ndugu zako, ila tiketi isikatwe bado.

Roboti haipasui yenyewe. Daktari huketi kando, macho kwenye kioo kinachokuza picha, na mikono ya mashine hufuata vidole vyake. Njia inayojulikana zaidi ilianzia Seoul, Korea Kusini, mwaka 2007: ngozi hukatwa kwapani, kisha hufunguliwa njia chini yake, juu ya msuli wa kifua, hadi shingoni. Kwa hiyo kovu lipo, isipokuwa limehamia panapofichwa na blauzi. Sehemu inayochunwa chini ya ngozi ni kubwa kuliko ya mkato wa kawaida, upasuaji huchukua muda zaidi, na bei hupanda.

Njia hiyo ilimfaa nani? Wakorea walikuwa wakipimwa shingo kwa ultrasaundi kwa wingi, na wanawake wengi, hata vijana, wakakutwa na saratani ndogo sana za tezi ya thairoidi. Hawakutaka kutembea na kovu shingoni. Marekani mambo yalikwenda vingine: mwaka 2011 kampuni inayotengeneza roboti ya da Vinci iliacha kuunga mkono matumizi yake kwa tezi hii.

Rovu la mwambao wa Ziwa Mweru ni habari nyingine. Tuko mbali na bahari, na chakula chetu ni mihogo. Mihogo isiyolowekwa vizuri huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kupata madini joto. Watafiti walilieleza jambo hili zamani katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu. Tezi ikikosa madini hayo hutanuka mwaka hadi mwaka, hujaa vinundu, na wakati mwingine huteremka nyuma ya mfupa wa kifua. Tezi ya namna hiyo haipiti kwapani. Daktari mkweli, hata mwenye roboti, atakurudisha kwenye mkato wa shingoni, ule ambao Theodor Kocher wa Bern aliuboresha mpaka upasuaji wa tezi ukaacha kuwa hukumu ya kifo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mkato huo ukifanywa juu ya mkunjo wa ngozi, kovu lake kwa wengi hufifia. Kama matundu ya masikio yako yaliota makovu manene, mwambie daktari mapema, na ujue kwamba ngozi ya kifua nayo, wakipendekeza kukata hapo, ni hodari wa kuota makovu hayo.

Bangkok waliboresha na kueneza njia ya kupitia ndani ya mdomo wa chini, isiyoacha kovu la nje wala kuhitaji roboti. Nayo ni kwa uvimbe mdogo.

Sasa sauti yako, ambayo mimi ningeijali kuliko kovu. Nyuma ya tezi hupita mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti, na juu yake upo mwingine mwembamba unaobeba noti za juu. Ukiguswa huo, utaongea vizuri sokoni lakini soprano itakukimbia. Tafiti zilizolinganisha njia hizi hazijaonyesha wazi kwamba roboti huilinda mishipa hiyo kuliko mkono uliozoea. Mwambie mpasuaji wako kwamba unaimba.

Anzia Hospitali ya Mtakatifu Paulo hapo Kashikishi, uombe rufaa ya vipimo ikihitajika: damu kuona tezi inafanya kazi kiasi gani, ultrasaundi, na sindano nyembamba ya kunyonya seli kama kuna kinundu kinachotiliwa shaka. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi lazima itulizwe kwa dawa kabla ya kisu. Kuipasua ikiwa moto ni hatari. Na marovu mengi hayahitaji kupasuliwa, hufuatiliwa tu. Lakini sauti ikikwaruza, au ukishindwa kupumua ukilala chali, usingoje mchango wa mtu.

Ikiondolewa tezi yote, utameza levothairoksini kila siku maisha yako yote. Tena tezi nne ndogo zinazotunza kalsiamu zinaweza kuumia, vidole na midomo vikafa ganzi siku chache baadaye, pengine ukiwa njiani kurudi.

Basi majibu yakitoka, mdogo wako awapelekee wale wa India na kuuliza: tezi ya ukubwa huu mnaipitisha wapi? Daktari huyo hupasua tezi ngapi kwa mwaka? Utafiti wa Marekani uliona matatizo yakipungua kwa wanaozidi 25. Swali hilo hilo aulize Lusaka, kwa mpasuaji asiye na roboti.